Borrow au lend, say au tell? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vitenzi vya Kiingereza vinavyotuchanganya

## Kwanza, chanzo cha tatizo

1. Kwa nini Waswahili tunakosea vitenzi vilevile kila siku?

Kwa sababu kosa linaanzia kwenye Kiswahili kabla hata Kiingereza hakijafika mdomoni. Wengi tulikariri orodha ya maneno mawili mawili: *borrow* ni azima, *say* ni sema, *make* ni fanya. Orodha hiyo inaficha kwamba azima ni ya anayetoa na anayepokea pia, na kwamba fanya inabeba *do* na *make* kwa pamoja.

Vitenzi vinavyosumbua viko makundi mawili. Kundi la kwanza ni lile ambalo Kiswahili kina neno moja na Kiingereza kina mawili au zaidi. Hapo hakuna ujanja, inabidi ujue kitenzi kinakwenda na nini. Kundi la pili ni lile ambalo Kiswahili kinatenganisha kwa kiambishi tu: inuka na inua, lala na laza, kumbuka na kumbusha. Hapo tayari una jibu kichwani, ni kulitumia tu.

2. Nitajuaje kama kitenzi kinataka mtu au kitu baada yake?

Fungua kamusi ya wanafunzi, kwa mfano ya Cambridge au Longman. Pembeni ya kitenzi utaona herufi T au I. T ni kitenzi elekezi, yaani lazima kiwe na yambwa, mtu au kitu kinachotendwa: huwezi kusema *I raised* ukaishia hapo. I ni kitenzi kisicho elekezi, hakipokei yambwa: *prices rose* imekamilika. Herufi hiyo moja inamaliza nusu ya maswali yaliyo hapa chini, na bado ndiyo watu wanairuka wakikimbilia maana.

## Kutoa, kupokea, kupeleka

3. Borrow na lend: nani ni nani?

Angalia kitu kinaelekea wapi. Kikija kwa mtenda, ni *borrow*. Kikitoka kwa mtenda, ni *lend*. Anayeomba kalamu ana njia mbili sahihi: *Can I borrow your pen?* ambapo mtenda ni mimi, au *Can you lend me your pen?* ambapo mtenda ni wewe. *Borrow me your pen* ni kosa kwa sababu *borrow* haimpokei mtu moja kwa moja. Mtu wake anakuja nyuma ya *from*: *I borrowed 5,000 shillings from my aunt.* Wakati uliopita wa *lend* ni *lent*, si *lended*.

Ukisahau, achana na kuazima, fikiria kukopa na kukopesha. Kukopa ni *borrow*, kukopesha ni *lend*. Benki inakopesha, kwa hiyo *the bank lends*. Wamarekani hutumia pia *loan* kama kitenzi, lakini kwenye mtihani unaofuata Kiingereza cha Uingereza baki na *lend*, na *loan* iache iwe nomino, yaani mkopo.

Kitu usichoondoka nacho hukiazimi. Choo cha jirani unakitumia: *Can I use your toilet?*

4. Kukodi na kupanga: rent, hire au let?

Nyumba unayopanga ni *rent*. Mwenye nyumba anayepangisha *lets it*, ndiyo maana Nairobi kila mtaa una kibao cha TO LET, ambacho watoto wakikitilia herufi I katikati kinageuka choo. Gari la siku mbili tatu, Mwingereza atasema *hire*, Mmarekani atasema *rent*. Kwa Mmarekani *hire* ni kuajiri mtu, na maana hiyo Uingereza wanayo pia.

5. Bring, take na fetch zinatofautianaje?

Leta, peleka, kachukue ulete. *Bring* inakuja upande wa msemaji au pale atakapokuwa, *take* inakwenda mbali naye, *fetch* ni safari ya kwenda na kurudi, kama anayekwenda kisimani kuteka maji. Mama aliye jikoni atasema *Bring me the salt*, kisha *Take this plate to your grandmother*.

Hapa kuna mtego wa neno nakuja. Mtu anainuka mezani, anatoka nje, huku akisema *I'm coming*. Kwa Mswahili ni adabu: anakuambia atarudi sasa hivi. Kwa Mwingereza ni kizunguzungu, kwa sababu anamwona anaondoka. Sema *I'll be right back*.

6. Teach, learn na study?

Mwalimu anafundisha, *teaches*. Mwanafunzi anajifunza, *learns*. *He learned me English* ni kosa, sema *He taught me English*.

*Study* ni kusoma kwa kukaa na vitabu au kuwa kwenye kozi: *I'm studying law in Dodoma.* *Learn* inahusu matokeo, yaani kitu kimeingia kichwani. Ndiyo maana mtu anaweza ku-*study* usiku kucha asi-*learn* chochote. Na kwa kuwa Kiswahili kinasema kusoma chuo, wengi huandika *I read at this college*. *Read* ni kusoma maandishi. Ipo *read law* ya Kiingereza cha vyuo vikuu vya Uingereza, lakini usiianze wewe.

7. Nimeibiwa simu. Niseme *I was stolen my phone*?

Hapana, na hili ni kosa la thamani kulielewa kwa undani, maana linazaa mengine.

Kiswahili kinaruhusu aliyepatwa na jambo awe kiima: nimeibiwa, nimefiwa, nimenyeshewa. Kiingereza kwa kawaida hakimpi mtu huyo nafasi hiyo kirahisi. *Steal* inashika kitu, *rob* inashika mtu au mahali. Kwa hiyo kinachoibwa ni simu: *My phone was stolen* au *Someone stole my phone*. Ukitaka uanze na wewe mwenyewe: *I've had my phone stolen.* Ukisema *I have been stolen*, askari anayeandika taarifa ataelewa kwamba wewe ndiye uliyebebwa.

*I was robbed* ni sahihi kisarufi, lakini ina nguvu au vitisho ndani yake: umekabwa, umeonyeshwa kisu. Kama simu ilitolewa kwenye mkoba ndani ya daladala na ukagundua umeshafika nyumbani, hiyo ni *stolen*. Nyumba iliyovunjwa usiku, *our house was burgled*.

Kwa mtindo huohuo, nimefiwa na baba haiwi *I was died*. Ni *My father has died*, au kwa upole zaidi *I've lost my father*. Nimenyeshewa ni *I got caught in the rain*.

## Pale Kiswahili kinapokupa jibu

8. Rise na raise?

Inuka na inua, panda na pandisha. *Rise* inajitegemea: *The price of sugar has risen*, bei ya sukari imepanda. *Raise* ina mtu anayesababisha: *The shopkeeper has raised the price*, mwenye duka amepandisha bei. Jua linachomoza lenyewe, *the sun rises*. Mkono unauinua wewe, *raise your hand*.

Maumbo yake: *rise, rose, risen* na *raise, raised, raised*. Kipimo cha haraka ni kauli ya kutendwa. *Raise* inakubali: *prices were raised*. *Rise* inakataa: hakuna *prices were risen*. *Raise* pia ni kulea watoto, na *raise money* ni kuchangisha.

9. Lie na lay. Mbona hata wazungu wanakosea?

Wanakosea kweli, na sababu ni moja tu: wakati uliopita wa *lie* unafanana herufi kwa herufi na wakati uliopo wa *lay*. Yapange hivi:

- Kulala, kujinyoosha: *lie, lay, lain*, na *lying*.
- Kulaza, kuweka: *lay, laid, laid*, na *laying*.
- Kusema uongo: *lie, lied, lied*, na *lying*.

Jana nilijinyoosha kitandani: *Yesterday I lay on the bed.* Nilimlaza mtoto kitandani: *I laid the baby on the bed.* Kila unapoona *laid*, tafuta kilicholazwa. Usipokiona, sentensi ina kasoro. Kuku hutaga mayai, *hens lay eggs*, na kuandaa meza ni *lay the table*: vyote vina yambwa.

10. Niliangusha simu: *I fell my phone*?

*I dropped my phone.* *Fall* ni anguka, *fall, fell, fallen*. *Fell* ipo pia kama kitenzi kingine kabisa, *fell, felled, felled*, lakini kazi yake ni kuangusha miti. Labda simu yako ina mizizi.

11. Remember na remind?

Kumbuka na kumbusha. *Remember me to call him* ni kosa, sema *Remind me to call him*. Kuna *Remember me to your mother*, lakini maana yake ni nisalimie mama yako, na siku hizi ni ya kizamani.

Angalia kinachofuata *remember*. *I remembered to lock the door*: nilikumbuka, nikafunga. *I remember locking the door*: nilifunga, na sasa picha ya kufunga iko kichwani.

## Kusema, kuona, kusikia

12. Say, tell, speak na talk: nitumie ipi?

Mbili za kwanza ndizo zenye makosa mengi. *Tell* ni kuambia, na kuambia hakukai bila mtu: ulimwambia, tukawaambia, nikaambiwa. *Tell* vivyo hivyo: *He told me that he was ill.* *Say* ni kusema, inashika maneno: *He said that he was ill.* Hivyo *He told that* ina upungufu, mtu hayupo, na *He said me* imezidi, mtu kaingia bila *to*. Niliambiwa ni *I was told*, kamwe si *I was said*.

Kiswahili chenyewe kinakuonya. Ukimwekea sema kiambishi cha mtu maana inageuka: amenisema, yaani amenigombeza au kanisengenya. Sema haimpendi mtu, na *say* haimpendi pia.

Kuna misemo michache ambapo *tell* inakaa bila mtu, ikaririni tu: *tell the truth, tell a lie, tell a story, tell the time*.

*Speak* ni ya lugha na ya mtu mmoja mbele ya wengi: *She speaks Kiswahili*, *The minister spoke for an hour*. *Talk* ni mazungumzo ya pande mbili. Na *discuss* haitaki *about*: *We discussed the price*, basi.

13. See, look na watch?

*See* ni kuona, jicho limepokea hata kama hukukusudia. *Look at* ni kuangalia kwa kukusudia. *Watch* ni kutazama kitu kinachotembea au kinachobadilika kwa muda: mpira, televisheni, mtoto anayecheza karibu na barabara. Sinema ya ukumbini ni *see* au *watch*, ya nyumbani ni *watch*.

Kuona kwetu kuna kazi nyingine: naona baridi, naona aibu. Huko Kiingereza hakitumii *see*: *I feel cold*, *I feel embarrassed*.

14. Hear na listen? Na kwa nini *Are you hearing me?* inasahihishwa?

Sikia ni *hear*, sikiliza ni *listen to*, na hiyo *to* haiachwi: *listen to the radio*.

*Hear*, kama *see*, *know* na *understand*, kwa kawaida haichukui *-ing* ikiwa na maana ya kupokea tu. Simu inapokatakata sema *Can you hear me?* Kusikia pia kunabeba harufu, njaa na maumivu, ambavyo kwa Kiingereza vinakwenda kwenye *smell*, *be hungry* na *feel*: *I can smell gas*, *I'm hungry*, *I feel pain in my knee*.

## Neno moja letu, mengi yao

15. Do na make: kuna kanuni?

Kuna nusu kanuni. *Do* ni kutekeleza kazi: *do homework, do the washing, do business*. *Make* ni kutokeza kitu ambacho hakikuwepo: *make tea, make a plan, make money*. Nusu iliyobaki ni mazoea ya Kiingereza, na anayekuambia ipo kanuni kamili anakudanganya. Kariri jozi nzima: *make a mistake, make a decision, make a phone call, make an effort*, lakini *do your best* na *do someone a favour*. Sherehe haifanywi kwa *make* wala *do*: *We're having a party.*

16. Alikubali kuja: *He accepted to come*?

*He agreed to come.* *Accept* inapokea kitu kilichotolewa, yaani zawadi, mwaliko, kazi, na haifuatwi na *to* pamoja na kitenzi. Kukubaliana na mtu ni *agree with*. Kukiri kosa ni *admit*: *He admitted taking the money.*

Upande wa kukataa, Kiswahili kina msaada. Kukataa kufanya ni *refuse*: *She refused to pay.* Kukana ni *deny*: *He denied stealing the goat.* *He refused that he stole* ndiyo Kiswahili kilichovaa suti. Ombi la kazi likirudishwa, *it was rejected*.

17. Simba imeshinda Yanga: *Simba won Yanga*?

*Simba beat Yanga.* *Win* inashika mechi, kombe au zawadi, *beat* inashika mpinzani. *Simba won Yanga* ina maana Simba wamezawadiwa Yanga. Wakati uliopita wa *beat* ni *beat* vilevile: *beat, beat, beaten*. Mashabiki wa Yanga wageuze majina, sarufi haibadiliki. Aliyefungwa *lost*, herufi o moja: *lose* ni kushindwa au kupoteza, *loose* ni kitu kilicholegea.

18. Natafuta funguo: *I'm finding my keys*?

*I'm looking for my keys.* *Find* ni kupata, utafutaji umekwisha. *Search* iangalie sana: *search for* inatangulia kitu kinachotafutwa, *search* peke yake inashika mahali au mtu anayepekuliwa. *The police searched him* ni walimpekua mifukoni. *The police searched for him* ni walimtafuta, labda hawajampata hadi leo.

Wakati uliopita wa *find* ni *found*. *Founded* ni kitenzi kingine: kuasisi, kama chama au shule.

19. Amevaa koti: *He has worn a coat*?

*He is wearing a coat.* Kuvaa kama tendo la kuingiza nguo mwilini ni *put on*, kuwa nayo mwilini ni *wear*, kumvalisha mtoto ni *dress*.

Kosa hapa linatokana na -me-. Kwetu -me- mara nyingi inaonyesha hali iliyopo: amekaa, amesimama, amelala. Hali hizo Kiingereza kinazisema kwa wakati uliopo: *he is sitting, he is standing, he is asleep*. Ukisema *he has slept*, msikilizaji anaelewa ameshaamka.

20. Open the radio, off the light?

*Turn on*, *turn off*. *Open* na *close* ni za mlango, dirisha, kitabu. *Off* si kitenzi.

21. Nimesahau mwavuli kwenye basi: forget au leave?

Ukitaja mahali, tumia *leave*: *I left my umbrella on the bus.* Usipotaja, *I forgot my umbrella* inatosha.

## Mambo ya pembeni

22. Expect, hope na wait for?

*Expect* ni kutarajia kwa sababu una msingi, *hope* ni kutumaini, *wait for* ni kusubiri, muda unapita. Uangalifu mmoja: *I'm expecting* bila yambwa ni mimi ni mjamzito. Mwisho wa barua, *I look forward to hearing from you*, na hiyo *-ing* ni lazima.

23. Hanged au hung?

Nguo, picha na pazia: *hang, hung, hung*. Mtu aliyenyongwa: *hang, hanged, hanged*.

24. Kama Afrika Mashariki nzima tunasema hivyo, bado ni kosa?

Inategemea unamwambia nani. *I'll pick you at five* inaeleweka Kampala, Mombasa na Mwanza, na hakuna atakayeshtuka. Kwenye Kiingereza cha Uingereza *pick* ni kuchuma au kuchagua, na kumpitia mtu ni *pick you up*. Vivyo hivyo *pick my call*: kwao ni *answer my call* au *pick up*. Mezani na wenzako ongea unavyoongea. Kwenye mtihani, barua ya kazi au mkataba, weka *up* yako, kisha hakikisha *five* hiyo yule mwenzako ameielewa kuwa saa kumi na moja, asije akakusubiri saa tano.